SOMO LA MAZINGIRA: KUWEKA, KUPIMA NA KUCHOMA OILI CHAFU

Somo hili limekusudiwa watumishi wa Serikali wanaosimamia karakana, magari, jenereta na vyombo vya baharini, pamoja na Masheha na wananchi wenye gereji au mashine zao wenyewe, Unguja na Pemba. Linahusu oili iliyokwisha kutumika katika injini na mitambo, ambayo mafundi wote huiita oili chafu: namna inavyopasa kuwekwa, namna inavyopimwa, na masharti ya kuichoma pale inapofaa kuchomwa. Mambo hayo matatu yamepangwa kwa taratibu hiyo kwa makusudi. Watu wengi huanza na la mwisho, yaani huuliza kama oili chafu yaruhusiwa kuchomwa, ilhali jibu la suala hilo hutolewa siku nyingi kabla, siku ile fundi anapoamua ni kitu gani atakimimina ndani ya pipa.

Maji yaliyo chini ya maweni

Zanzibar haina mto mkubwa wala ziwa la kutekwa maji ya kunywa. Maji yanayofika katika mifereji ya mji na yanayotekwa visimani huko mashamba karibu yote hutoka chini ya ardhi. Chemchem za upande wa Bububu, ambazo maji yake yalianza kuletwa mjini kwa bomba katika zama za Sultani Barghash (1870–1888), ni sehemu ya hazina hiyo hiyo.

Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni uwanda wa maweni, yaani mawe ya matumbawe ya kale yenye nyufa, mashimo na mapango. Mvua ikinyesha maweni haitiririki mbali, huzama. Kitu kilichomwagwa juu ya jiwe huzama pamoja nayo, tena bila ya kuchujwa na udongo. Mkaazi anayemimina lita 4 za oili katika ufa wa jiwe nyuma ya nyumba yake huiona imepotea. Haikupotea, imehama, na huenda imeelekea kisimani kwa jirani au kwake mwenyewe.

Mamlaka ya mazingira ya Marekani hufundisha kwamba oili inayotolewa katika gari moja, mara moja tu, yaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji matamu, ambazo ni karibu lita milioni 3.8. Si lazima maji hayo yawe sumu ya kuua papo hapo. Yatosha yakiwa na harufu na ladha ya oili hata asiweze mtu kuyanywa, na kisima kilichofikia hali hiyo hakisafishiki kwa kuvutwa maji siku mbili tatu.

Oili haiishi kwa kutumiwa; huchafuka. Ndani ya injini hukusanya masizi, maji, petroli au dizeli isiyoungua, na vumbi la madini linalotokana na kulika kwa vyuma: chuma chenyewe, shaba na risasi za beringi, na kromi ya ringi za pistoni. Zinki huwamo tangu mwanzo, kwa kuwa hutiwa na watengenezaji ili kuzuia kulika. Katika miaka ya 1990 oili chafu ya magari ya petroli ilikuwa na risasi nyingi mno, kwa sababu petroli yenyewe ilikuwa imetiwa risasi. Petroli ya namna hiyo iliondolewa Afrika Kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, na tangu hapo kiwango kimeshuka sana. Kushuka si kwisha, na ndiyo maana risasi ingali inapimwa.

Kiasi cha oili inayotoka visiwani si kidogo kama inavyodhaniwa. Gereji inayobadilisha oili magari 5 kwa siku, kila gari lita 4, hujaza pipa la lita 200 kwa siku 10 za kazi. Jenereta nazo zina hesabu yake. Unguja ilikaa bila ya umeme mwezi wa Mei na Juni 2008, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na wakati huo mahoteli, maduka, mahospitali na nyumba nyingi ziliendeshwa kwa jenereta. Jenereta iliyofanya kazi saa 12 kwa siku katika siku 90 ilitimiza saa 1,080. Ikiwa oili yake hubadilishwa kila saa 250, ilibadilishwa mara 4. Na ikiwa inachukua lita 20, ilitoa lita 80 za oili chafu peke yake. Kwa upande wa Pemba, kisiwa kizima kilitegemea mitambo ya dizeli ya Wesha hadi mwaka 2010, ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga.

Sheria inavyosema

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Nambari 3 ya mwaka 2015, ilichukua nafasi ya Sheria Nambari 2 ya mwaka 1996, na ndiyo iliyoianzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ZEMA. Mamlaka hiyo ndiyo ya kuulizwa kabla ya mtu kukusanya, kusafirisha au kuchoma taka za aina hii. Kwa upande wa mikataba ya kimataifa, Tanzania ilijiunga mwaka 1993 na Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao katika orodha yake ya taka zinazodhibitiwa umeiweka oili ya madini isiyofaa tena kwa kazi yake ya awali katika nambari Y8, na mchanganyiko wa oili na maji katika nambari Y9. Kwa hivyo pipa la oili chafu si mali ya kupakiwa jahazini na kupelekwa nchi nyengine kama mzigo wa karafuu. Kwa vyombo vya baharini, Mkataba wa MARPOL umeweka kipimo cha sehemu 15 za mafuta katika milioni 1 kwa maji ambayo meli yaruhusiwa kuyatoa baharini inapokuwa safarini. Boti inayovuta maji ya ngama na kuyatapika bandarini yakiwa na utando wa rangi za upinde wa mvua haihitaji kupimwa ili ijulikane imevuka kipimo hicho.

Pipa na mahali pake

Chombo cha kuwekea oili chafu kiwe kizima, kisichovuja, chenye kizibo kinachofunga. Pipa la chuma la lita 200 lafaa, na madumu ya plastiki mazito yafaa kwa kiasi kidogo. Dumu lililokuwa na dawa ya mimea au dawa ya choo halifai kabisa, hata likisuuzwa mara ngapi. Hewa ya bahari hula chuma upesi, hivyo mapipa yakaguliwe kitako kila mwezi. Pipa huanza kuoza chini, mahali ambapo hapana anayetazama.

Ni vyema ieleweke kwamba pipa hupumua. Mchana likipata jua hewa ya ndani hupanuka na kutoka. Usiku likipoa huvuta. Pipa lililosimamishwa nje wakati wa masika hujaa maji juu ya mfuniko wake, na usiku huyavuta maji hayo kupitia kizibo hata kikiwa kimekazwa. Baada ya wiki chache mwenye pipa huona limejaa na kudhani amepata oili nyingi, kumbe amepata maji. Kwa hiyo pipa liwekwe chini ya paa. Pale ambapo hapana paa, lilazwe ubavu, vizibo vyake viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kushoto na kimoja kulia, vikizamishwa na oili iliyomo ndani.

Sakafu iwe ya saruji isiyo na ufa, na izungushwe ukuta mfupi wa kuzuia kinachovuja kisitoke. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kwamba ukuta huo uweze kubeba asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote, au asilimia 25 ya vyombo vyote kwa jumla, lolote litakalokuwa kubwa. Mfano wa karakana yenye mapipa 4 ya lita 200 wafaa kufanyiwa hesabu. Asilimia 110 ya pipa moja ni lita 220. Asilimia 25 ya mapipa yote, ambayo ni lita 800, ni lita 200. Kinachoshika ni lita 220. Sakafu yenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5 ina mita za mraba 3. Mapipa manne hukalia takriban mita 1 ya mraba, zikabaki 2. Lita 220 zikitandazwa juu ya mita 2 za mraba hufika kina cha sentimita 11. Ukuta wa tofali moja, sentimita 15 hadi 20, watosha. Karakana yenye mapipa 10 hutazama hesabu ya pili, kwani robo ya lita 2,000 ni lita 500, na hapo sakafu lazima iwe pana zaidi.

Hesabu hiyo huharibika pakiwa hapana paa. Mvua ya milimita 50, ambayo katika masika si ajabu, huleta lita 150 juu ya sakafu hiyo ya mita 3 za mraba. Ukuta uliojengwa kubeba lita 220 hubakiwa na nafasi ya lita 70 tu. Wapo wanaotoboa tundu ukutani ili maji yatoke. Ukuta wenye tundu ni pambo, kwa sababu siku pipa litakapopasuka oili itatoka mlango ule ule wa maji.

Kila pipa liandikwe kwa rangi isiyofutika: OILI CHAFU – INJINI, au OILI CHAFU – BOTI, na kadhalika. Karibu yake liwepo daftari la kuandikia tarehe, lita zilizotiwa, zimetoka katika chombo gani, na jina la aliyetia. Daftari hili huonekana kama usumbufu wa ofisini, lakini ndilo litakalomsaidia mwenye pipa siku ya kupima, kama itakavyoelezwa.

Pakacha la mchanga mkavu, unga wa mbao au makumbi ya nazi yaliyopondwa liwekwe hapo hapo kwa ajili ya kinachomwagika. Kilichokwisha kunyonya oili kizolewe na kutiwa katika chombo chake chenye mfuniko, kisitupwe jaani.

Kuchanganya

Kosa moja huzidi yote katika kazi hii, nalo ni kugeuza pipa la oili kuwa pipa la kila kitu. Petroli iliyotumika kuoshea vyuma hutiwa humo, na tina ya rangi, na fluidi ya breki, na maji ya rejeta, na oili ya kompresa za mafriji na viyoyozi. Oili ya injini peke yake ina wanunuzi na ina matumizi. Katika viwanda vinavyoisafisha upya, galoni 1 ya oili chafu hutoa zaidi ya nusu galoni ya oili mpya, ambapo kuipata kwa kuanzia mafuta ghafi huhitaji galoni 42. Ikichanganywa na vitu hivyo huwa taka ya hatari ambayo kisiwani hapana mahali pa kuipeleka.

Mafuta ya transfoma yanahitaji onyo la peke yake. Transfoma za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 kumalizika, huenda zikawa na kemikali ziitwazo PCB, ambazo haziozi na zikichomwa kwa moto usiotosha huzaa dayoksini na furani, sumu kali kuliko zenyewe. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, umeweka mpaka wa miligramu 50 za PCB katika kilo 1 ya mafuta, umezitaka nchi wanachama zijitahidi kuviondoa vifaa hivyo katika matumizi ifikapo mwaka 2025, na kusimamia taka zake kwa njia salama ifikapo mwaka 2028. Mtu hawezi kuziona PCB kwa macho wala kuzijua kwa pua. Lita 1 ya mafuta yenye miligramu 10,000 kwa kilo, ikimiminwa katika pipa la lita 200, hulifikisha pipa zima katika mpaka wa 50. Kitendo cha dakika moja hulitia hatarini pipa lililokusanywa kwa siku 10. Na kuzidi kulichanganya ili kipimo kishuke hakukubaliki, kwani kemikali hubaki kiasi kile kile. Kilichoongezeka ni wingi wa oili iliyoharibika.

Kwa sababu hiyo hiyo mafuta ya transfoma yasitumiwe kukaangia. Ni vigumu kuamini kwamba jambo hili lahitaji kuandikwa katika ukurasa wa Serikali, lakini wizi wa mafuta hayo kwa ajili ya kukaangia chipsi umeripotiwa mara kadhaa katika Afrika Mashariki.

Kupima

Vipimo vya awali hufanyika hapo hapo karakanani. Cha kwanza ni pua: oili inayonukia petroli au tina isipelekwe mbele, itengwe. Cha pili ni chupa ya kioo iliyo wazi rangi. Itiwe oili nusu yake, iachwe saa 24 bila ya kutikiswa, kisha itazamwe. Maji hukaa chini, na uchafu mzito chini zaidi. Cha tatu ni kuchukua bati lililopata moto wa nyuzi 150 hadi 160 za sentigredi na kudondosha tone moja la oili. Ikitatarika, ina maji. Ikitulia na kuenea, ni kavu. Kipimo hiki hutambua hata maji kidogo sana, lakini hakisemi ni kiasi gani. Mpimaji avae miwani, atie tone na si kijiko, na asikifanye kabisa ikiwa pua imekwisha kumwambia kuwa pana petroli.

Vipimo vilivyobaki ni kazi ya maabara, na kwa Zanzibar mahali pa kuanzia kuuliza ni Wakala wa Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli ichukuliwe kwa mrija mrefu unaofika juu, kati na chini ya pipa, kwa kuwa sampuli ya juu peke yake husifu na ya chini peke yake hulaumu. Baada ya kuchukuliwa sampuli pipa lifungwe lakiri wala lisiongezwe hata tone. Karatasi ya maabara huelezea oili iliyokuwamo siku ile, si itakayotiwa Jumatatu.

Maabara hutafuta nini? Mfano ulio wazi ni kanuni za Marekani za mwaka 1992, zinazotumiwa na wengi kama kipimo cha kulinganishia. Huko oili chafu huhesabiwa kuwa yafaa kuchomwa kama nishati ya kawaida ikiwa aseniki haizidi sehemu 5 katika milioni, kadimi 2, kromi 10, risasi 100, na halojeni kwa jumla 4,000. Na joto la kushika moto lisiwe chini ya nyuzi 100 za Farenhaiti, ambazo ni karibu 38 za sentigredi. Petroli hushika moto hata katika baridi iliyo chini sana ya sufuri, na kwa hivyo kiasi kidogo chake kikiingia katika pipa hushusha kipimo hiki mara moja. Hapo pipa si oili tena, ni bomu lililofungwa kizibo.

Halojeni ndizo zenye mafunzo zaidi. Hilo ni jina la jamii ya klorini na ndugu zake, na humo ndimo zinamotambulikana dawa nyingi za kuoshea vyuma na gesi za mafriji. Kanuni hizo za Marekani zimeweka utaratibu wa kupendeza: halojeni zikizidi sehemu 1,000 katika milioni, sheria humchukulia mwenye oili kuwa amechanganya na dawa za hatari, na ni juu yake kuthibitisha kuwa hakuchanganya. Mzigo wa ushahidi umo mabegani mwa mwenye pipa. Asiye na daftari ataonesha nini?

Visiwani suala hili lina upande wa pili. Chumvi ya bahari ni klorini pia. Kilo 1 ya maji ya bahari ina takriban gramu 19 za kloridi, yaani sehemu 19,000 katika milioni. Oili ya boti iliyoingiwa na maji ya bahari asilimia 6 tu huonesha sehemu 1,140, na nahodha ambaye hakupata kuigusa dawa ya kuoshea vyuma hujikuta juu ya mpaka. Ikiwa maji ni asilimia 10 hufika 1,900. Kwa hiyo oili za boti, mashua za mashine na meli ziwekwe mapipa yao peke yake, ziachwe zitulie, na maji ya chini yatolewe kwa mpira na kuwekwa katika chombo, si kumwagwa. Zikichanganywa na oili za magari, pipa zima la magari hufuata hukumu ya bahari. Tena chumvi hiyo ikichomwa hutoa mvuke wa asidi unaokula bomba la moshi na mapafu ya aliye karibu.

Kuchoma

Oili chafu ina joto linalokaribia la dizeli, na hapo ndipo tamaa ya kuichoma ilipo. Lakini moto huunguza oili, hauunguzi madini. Risasi iliyoingia tanurini hutoka ama kwa bomba la moshi ama kwa majivu. Haina njia ya tatu. Mwenye kudhani kuwa moto umemwondolea uchafu ameuhamisha tu kutoka pipa kwenda hewani, na kutoka hewani kwenda juu ya mapaa, ambako wengi hukinga maji ya mvua.

Kwa hivyo uchomaji wowote usio ndani ya tanuri maalumu wapasa kuachwa. Shimo, pipa lililokatwa nusu, jiko la kudondoshea oili kwa matone, na moto wa kuwashia takataka jaani ni miongoni mwa hayo. Moto wa namna hii hauna joto linalolingana, ndiyo maana hutoa moshi mweusi. Weusi huo ni oili isiyoungua pamoja na kemikali zinazosababisha saratani. Nchi za Umoja wa Ulaya hudai kuwa gesi za taka zinazochomwa zibaki katika joto la nyuzi 850 za sentigredi kwa sekunde 2, na nyuzi 1,100 ikiwa taka za hatari zina halojeni za kemikali zaidi ya asilimia 1. Hapana shimo linaloweza kutimiza hayo.

Tanuri za vyakula zisikaribishwe oili chafu kwa hali yoyote, hata ikiwa imepimwa na kufaulu. Hili lahusu tanuri za mikate, majiko ya kuchemshia dagaa na mahali pa kukaushia samaki. Dagaa anayechemshwa wazi, kando ya moto huo, hupokea masizi kabla ya mlaji. Kwa wachoma chokaa, oili inayomwagiwa magogo juu ya tanuri la mawe hutoa moshi unaotanda shehia nzima, na haina nafasi hapo.

Mahali panapofaa ni tanuri la mvuke au la kiwandani lenye kichomeo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, chenye kupasha oili joto, kuichuja na kuipuliza kwa chembe ndogo ndani ya hewa ya kutosha. Moto uanzishwe kwa dizeli mpaka tanuri lipate joto, ndipo oili iingizwe. Bomba la moshi litoke nje na juu ya mapaa ya jirani. Baada ya kuwaka vyema moshi usionekane. Ukionekana mweusi, oili ifungwe na kichomeo kitazamwe. Majivu na masizi yakusanywe yakiwa yamenyunyizwa maji kidogo, na mfanyakazi avae kitambaa cha puani na mipira ya mikono. Yasitiwe shamba kama mbolea.

Tanuri zinazoongoza kwa kufaa ni zile kubwa za saruji, kama zilizopo Tanzania Bara. Ndani yake mawe hupata joto la nyuzi 1,450 hivi, na ulimi wa moto hukaribia 2,000. Chokaa iliyomo humeza asidi, na sehemu kubwa ya madini hushikwa ndani ya saruji yenyewe. Lakini hata tanuri hizo huomba karatasi ya maabara kabla ya kupokea. Pipa lililochanganywa hurudishwa, na nauli ya kivuko hulipwa mara mbili.

Matumizi mengine yaliyozoeleka

Kupaka boriti na fito oili chafu ili kuzuia mchwa ni mazoea ya siku nyingi, na hayataondoka kwa tangazo moja. Inafaa ijulikane hata hivyo kuwa oili hubaki juu juu ya mti, haiingii ndani, na mvua huipeleka ardhini kidogo kidogo. Boriti za ndani ya nyumba ya kulala, za ghala la chakula, na za karibu na kisima zisipakwe. Majaribio ya maabara kwa panya waliopakwa oili ya injini iliyotumika mara kwa mara yalionesha saratani ya ngozi. Fundi anayeosha mikono yake kwa petroli na kuvaa suruali ile ile iliyoloa oili wiki nzima anajifanyia jaribio hilo mwenyewe. Sabuni na maji vyatosha, na mipira ya mikono ni bora zaidi.

Kumwagia oili njia za vumbi nako kuachwe. Vumbi hutulia kwa wiki moja, kisha mvua ya kwanza huipeleka oili mtaroni, na mitaro ya mji hushuka pwani.

Mwenye oili kidogo nyumbani, kama ya vespa au jenereta ndogo, aitie katika dumu safi lenye mfuniko na kuipeleka katika gereji inayokusanya, baada ya kumweleza fundi ni oili ya kitu gani. Mwenye pipa lililokwisha kuchanganywa asilimwage wala asilichome. Alifunge, aliandike OILI ILIYOCHANGANYWA pamoja na vitu anavyovikumbuka kuwa vimo, aliweke chini ya paa mbali na mapipa mengine, amjuulishe Sheha wa shehia yake, na apeleke taarifa katika ofisi ya ZEMA iliyo karibu, Unguja au Pemba. Wakuu wa karakana za Serikali waanze na mapipa yaliyosimama nje, kwa kuyaingiza chini ya paa kabla ya mvua za masika.